Vyuo vikuu vifungue tasnifu vilizozifungia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu maktaba za vyuo vikuu vyetu, neno ambalo nimekaa nalo tangu nilipostaafu na ambalo mwezi uliopita lilinifuata lenyewe hadi barazani.

Mimi ni mkutubi. Kwa miaka 31 nilifanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja cha umma, ambacho sitakitaja kwa sababu ninayoyasema si ya chuo kimoja. Nilianza enzi za kabati la kadi, wakati kila kitabu kilichoingia kilipigiwa kadi tatu kwa taipureta, moja ya jina la mwandishi, moja ya jina la kitabu na moja ya mada, kisha zikapangwa kwa alfabeti ndani ya droo ndefu na kupitishiwa ufito wa chuma ili msomaji asizichomoe. Niliondoka kadi hizo zikiwa zimegeuka karatasi za kuandikia namba za simu, na kazi yote ikiwa imehamia kwenye kompyuta. Sikusikitika. Mtu aliyewahi kupanga upya droo iliyomwagwa na mwanafunzi mwenye haraka hawezi kuililia kadi.

Aliyenifuata barazani ni mjukuu wa jirani yangu hapa Muheza, anayesoma shahada ya uzamili katika chuo kingine. "Shikamoo babu, nimekwama," aliniambia kabla hata hajaketi. Anaandika juu ya wakulima wa michungwa wanaouza mavuno yangali maua, yaani mnunuzi anafika shambani mti ukiwa umechanua tu, anaukadiria kwa macho, analipa, na kuanzia siku hiyo matunda yatakayozaliwa si ya mwenye shamba tena. Katika kusoma kwake alikutana na makala ya jarida moja la Ulaya iliyonukuu tasnifu ya uzamili ya mwaka 1997, iliyoandikwa hapahapa nchini, yenye majedwali ya bei na idadi ya miti kutoka vijiji vitatu vya wilaya yetu. Makala ya Ulaya aliisoma kwenye simu yake akiwa chini ya mwembe wa babu yake, kwa nenosiri alilopewa na chuo. Tasnifu ya Muheza hakuipata. Hifadhi ya kidijitali ya chuo kinachoimiliki ilimwonyesha jina, ikisiri ya nusu ukurasa, na chini yake picha ya kufuli pamoja na maelezo kwamba faili hilo ni la watumishi walioidhinishwa tu.

Tasnifu ile naijua. Kadi yake niliipiga mimi.

Alipouliza afanyeje, alijibiwa kwamba alete barua ya utambulisho kutoka kwa mkuu wa idara yake, alipe ada ya msomaji wa nje, asafiri, na akifika atasomea ndani ya chumba maalumu, mkoba ukibaki mlangoni, bila kupiga picha wala kutoa fotokopi. Utaratibu huo siwezi kuucheka, maana nimeusimamia mwenyewe kwa miaka mingi, na wakati ule ulikuwa na sababu. Nakala zilikuwa mbili, pengine moja, na ukurasa ukichanwa ulikuwa umekwenda. (Niliwahi kuokota nyuma ya rafu jalada gumu la tasnifu, maandishi ya dhahabu mgongoni yakiwa safi kabisa, ndani hamna hata ukurasa mmoja. Aliyezibeba kurasa zile huenda leo ni mtu mzito mahali fulani.) Lakini tasnifu hii ya michungwa imekwishaskaniwa. Faili lipo, limehifadhiwa kwa gharama za umma, na likisomwa na watu 1,000 kwa siku moja halichaniki. Tulichofanya ni kuuhamisha mlango wa chumba maalumu, pamoja na komeo lake, na kuuweka kwenye mtandao.

Nisieleweke kwamba naidharau hatua iliyopigwa. Waliosoma katika miaka ya 1980 wanakumbuka rafu za majarida zilizokatika katikati ya mwaka kama jino lililong'oka, kwa sababu fedha za kigeni za kulipia toleo lililofuata hazikuwapo. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani likishirikiana na wachapishaji wakubwa lilianzisha mpango wa HINARI wa kuzipa taasisi za nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei ya chini; mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo likaleta AGORA kwa upande wa kilimo, na baadaye mipango ya aina hiyo ikaunganishwa chini ya jina la Research4Life. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na kupakua makala ambako zamani kulikuwa kazi ya asubuhi nzima kukawa kazi ya dakika. Novemba 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Mlimani maktaba iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na rafu za vitabu 800,000. Nimeingia humo, nikatoka shingo inaniuma kwa kutazama juu.

Ila haya yote ni ya kuingiza. Tumehangaika, na tumefanikiwa kwa kiasi chake, kumletea msomaji wetu kazi za wenzetu. Maktaba ya chuo kikuu ina kazi nyingine, ya kutoa nje kile ambacho chuo chenyewe kimezalisha, na hiyo ndiyo tuliyoiacha iote kutu. Nayo hiyo ya kuingiza haiko mikononi mwetu. Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliiondoa Bangladesh kwenye orodha ya HINARI, na madaktari na watafiti wa huko wakaamka wamefungiwa majarida zaidi ya elfu mbili. Zilihitajika kelele za dunia ndipo wakarudishiwa. Karibu zaidi na kwetu, Mei 12, 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika kwa wakati mmoja na mtandao ukayumba katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Siku zile mwalimu wa chuo aliyetegemea kanzidata za nje alikaa kama mvuvi aliyepwelewa. Nguo ya kuazima huvaliwa kwa ratiba ya mwenye nguo.

Kwa nini basi tasnifu zinafungwa? Nimekaa kwenye vikao vingi ambamo swali hili liliulizwa, na majibu nayajua kwa moyo.

La kwanza ni wizi wa kitaaluma: tukiziweka wazi, wanafunzi watazinakili. Jibu hili linashangaza, kwa kuwa anayetaka kunakili hahitaji hifadhi ya chuo. Katika steshenari zinazozunguka vyuo vyetu, ambako wanafunzi hupeleka kazi zao kuchapwa na kutiwa jalada, mafaili hubaki kwenye kompyuta ya duka, na mwenye flashi na shilingi elfu chache haondoki mikono mitupu. Tasnifu iliyofungwa ndiyo rahisi kuiba, kwa sababu programu za kukagua wizi hulinganisha kazi mpya na maandishi zinayoweza kuyafikia. Lisilofikika halilinganishwi na chochote, na mwizi anapita. Iliyo wazi ina walinzi wengi, akiwamo mwandishi mwenyewe, ambaye siku moja atakuta aya yake kwenye kazi ya mtu mwingine.

Jingine ni hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi faili lake likiwa wazi au likiwa chini ya kufuli, na kinachotakiwa kwa chuo ni ruhusa yake tu. Kwa wanaohitimu sasa ni fomu ya ukurasa mmoja inayosainiwa siku ya kuwasilisha. Anayetaka kwanza kuitolea kazi yake kitabu au makala apewe miaka miwili, mitatu, kisha kufuli lifunguke lenyewe bila kikao. Kwa waliohitimu zamani kazi ni kubwa zaidi, nakiri, lakini wengi wao wanapatikana, na sijawahi kukutana na hata mmoja aliyekasirika kusikia kwamba kuna mtu anataka kuisoma tasnifu yake. Wengi hushtuka, kisha hufurahi. Pale ambapo tasnifu ina majina ya wagonjwa au siri za waliohojiwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatupa mwongozo, na ukurasa wenye majina unaweza kuondolewa bila kuizika tasnifu nzima.

Kuna sababu moja isiyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, nayo ni aibu. Tasnifu ikiwa wazi, anayesomwa si mwanafunzi peke yake. Anasomwa pia msimamizi aliyeipitisha na mtahini aliyeipa alama. Tunazo tasnifu nzuri sana, nimezishika kwa mikono yangu, na tunazo ambazo sura ya pili haijuani na sura ya nne. Wakubwa wanajua zilipo. Mimi naona aibu hiyo ni dawa, maana msimamizi anayejua kwamba kazi aliyoitia saini itasomwa Nairobi, Kampala na Bujumbura kabla ya mwezi kuisha ataisoma kwanza yeye mwenyewe.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Programu ya DSpace, ambayo vyuo vingi duniani huitumia kwa hifadhi za aina hii, ilitolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, na haiuzwi, inachukuliwa bure. Chuo Kikuu cha Nairobi kimeweka mtandaoni tasnifu zake nyingi sana, na Makerere nao wanayo hifadhi yao. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kitanzania anayetafuta jambo kwenye Google mara nyingi huangukia utafiti wa Machakos wakati wa Kondoa upo, umefungwa. Wapo wanaodai kwamba badala ya tasnifu, wasomi wetu wachapishe makala katika majarida huria ya kimataifa. Waulizwe bei: jarida la Nature lilipofungua mlango huo Januari 2021, ada ya kulipiwa na upande wa mwandishi ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Tamko la Budapest la mwaka 2002 kuhusu machapisho huria lilikuwa limeonyesha njia mbili tangu mwanzo, ya majarida yaliyo wazi na ya mwandishi kuweka kazi yake mwenyewe kwenye hifadhi iliyo wazi. Tumevutwa na ile ya gharama, na hii ya pili, ambayo ingetufaa, tumeikalia.

Niruhusu, Ndugu Mhariri, nikae kidogo kwenye Kiswahili, kwa sababu hapo ndipo moyo unaponiuma. Tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili zimeongezeka mwaka hadi mwaka, na zina mambo ambayo hayapo kwingine kokote: nyimbo za jandoni, majina ya mitego ya samaki, misemo ya wajenzi wa majahazi, lahaja ambazo wasemaji wake waliohojiwa wameshazikwa. Nyingi kati ya zilizokwishaskaniwa ziliskaniwa kama picha. Kwa macho ya binadamu ni maandishi, lakini kwa kompyuta ni madoa meusi kwenye karatasi nyeupe, na ukitafuta neno "dema", mtego mmojawapo wa samaki, ndani yake hulipati hata kama liko mara hamsini. Kisha huja suala la mada. Sisi wakutubi tulifundishwa kupanga vitabu kwa orodha za mada za Kiingereza, hususan ile ya Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa hiyo tasnifu ya Kiswahili juu ya ngonjera au unyago iliingizwa chini ya maneno ya Kiingereza ambayo mwandishi wake hakuyatumia popote. Anayetafuta kwa Kiswahili anapita nje ya ukuta. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, mamia ya mara, na sikuona ajabu yoyote hadi nilipostaafu na kuanza kutafuta kama msomaji.

Wakati huohuo, jarida la Swahili Forum linalochapishwa Ujerumani, ambalo lilianza mwaka 1994, linasomwa bure na yeyote mwenye bando. Miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu iliyohifadhiwa katika chuo cha SOAS mjini London inafunguka kwenye simu, ukurasa kwa ukurasa, na mtu wa Lamu anaweza kuuona wino wenyewe. Nawashukuru wenzetu hao kwa dhati. Mlimani nako kuna miswada ya Kiswahili iliyokusanywa pwani nzima na kuorodheshwa na J.W.T. Allen katika katalogi iliyotoka mwaka 1970, hivyo hatuwezi kusema kwamba hapa hapakuwa na hazina wala watu wa kuitunza. Novemba 2021, mkutano mkuu wa 41 wa UNESCO uliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na sisi tukashangilia, kwa haki. Mkutano uleule ulipitisha pia pendekezo la kuzitaka nchi zote wanachama zifanye sayansi kuwa huria, ili matokeo ya utafiti yawafikie wote bila kizuizi. Sherehe ya la kwanza tunaifanya kila mwaka, kwa ngoma na fulana. La pili sijasikia likitajwa kwenye hotuba yoyote ya sherehe hizo.

Sasa wameingia wageni wengine, programu za akili mnemba, ambazo wanafunzi huziuliza kila kitu. Kabla sijastaafu walikuwa wameanza kufika mezani kwangu na orodha za vitabu walivyopewa na programu hizo, vingine vikiwa na waandishi, miaka na wachapishaji waliopangwa vizuri kabisa, isipokuwa havikuwahi kuandikwa na mtu. Tulikuwa tunatafuta pamoja, nikijua mwisho wake. Programu hizi hujifunza kutokana na yaliyo wazi mtandaoni, na utafiti wetu ukiwa umefungiwa, anayeuliza habari za Muheza atajibiwa kwa kubahatishiwa.

Nakala moja, isitoshe, si akiba. Aprili 18, 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliingia katika maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza makumi ya maelfu ya machapisho ya taaluma za Afrika, mengine yakiwa hayana pacha. Kwetu si lazima uje moto. Mchwa, bomba la maji lililopasuka, au diski ya CD iliyobandikwa nyuma ya jalada na sasa haisomwi na mashine yoyote, vyote vinatosha.

Ombi langu si la makongamano. Tume ya Vyuo Vikuu inapokwenda kukikagua chuo huhesabu vitabu na viti vya maktaba. Iulize pia ni tasnifu ngapi za chuo hicho ambazo mwananchi anaweza kuzisoma leo akiwa nyumbani kwake, na iandike hesabu hiyo kwenye ripoti. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) inapotoa fedha za utafiti iweke sharti la kazi kuwa wazi baada ya muda maalumu. Vyuo navyo viajiri wakutubi, maana kazi ya kuingiza taarifa kwenye mifumo hii wameachiwa wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, wanaokaa wiki nane na kuondoka. Matokeo yake nimeyaona: jina la msimamizi limeingizwa kama la mwandishi, na mwaka wa kuskani umeandikwa kuwa mwaka wa tasnifu. Ile ya michungwa ya 1997 kwenye mfumo inasomeka 2015, na kama makala ya Ulaya isingeutaja mwaka wake sahihi, kijana wetu angeamini kwamba bei zile ni za juzi.

Alikwenda. Alipata barua, akalipa ada, akapanda basi, akakaa siku mbili ndani ya chumba maalumu akinakili majedwali kwa kalamu kwenye kaunta buku, kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Aliporudi tuliketi barazani tukayapitia pamoja. Katika jedwali la kijiji cha pili, idadi ya miti iliyouzwa ikiwa maua haijumliki: chini pameandikwa 1,284, nasi tukijumlisha alivyonakili tunapata 1,248. Huenda yeye ndiye aliyegeuza tarakimu kwa uchovu, huenda ni mwandishi mwenyewe mwaka 1997. Kulijua hilo kunahitaji kuutazama ukurasa mmoja kwa nusu dakika. Nauli ya kurudi anaitafuta.

Mkutubi mstaafu,
Muheza, Tanga